Ruzuku Ndogo kwa Vikundi vya Afya na Ustawi wa Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vikundi vya mitaani na vijijini, Tanzania Bara, vinavyoshughulika na afya na ustawi wa watu wao: kina mama wa lishe, wazee wenye shinikizo la damu na kisukari, watu wanaoishi na VVU, vijana wanaowasikiliza wenzao wenye msongo wa mawazo, wazazi wa watoto wenye selimundu, na wengine wa namna hiyo. Aliyeyaandika alianza akiwa katibu wa kikundi, akaandika maombi na kukataliwa mara tatu mfululizo, kisha baadaye akawa miongoni mwa watu wanaoyasoma maombi na kuyapa alama. Zanzibar ina sheria na msajili wake, kwa hiyo yanayosemwa hapa kuhusu usajili hayawahusu walioko Unguja na Pemba, ingawa mengi ya yaliyobaki yanawafaa.

Ruzuku ndogo ni nini, na inatofautiana vipi na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri?

Ruzuku ni fedha ambayo kikundi hupewa kwa kazi iliyotajwa katika mkataba, na ambayo hairejeshwi mradi imetumika kwa kazi hiyo hiyo na matumizi yake yametolewa hesabu. Mkopo wa halmashauri hurejeshwa. Mkopo huo hutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 hautozwi riba, lakini kutotozwa riba si kusamehewa deni. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na imekusudiwa shughuli za kuingiza kipato, kama vile ufugaji, ushonaji na usindikaji.

Tofauti hii si ya maneno tu. Kikundi kinachowapima wazee presha bila malipo hakina mahali pa kutoa marejesho, na viko vikundi vilivyochukua mkopo vikidhani ni msaada, mwishowe wanachama wakaanza kukwepana sokoni. Kabla ya kutia saini karatasi yoyote, tafuteni ndani yake neno "marejesho". Likiwemo, huo ni mkopo, hata kama aliyewaletea anauita ruzuku.

Ni nani hasa hutoa ruzuku hizi?

Wapo wa aina tatu, na kila aina ina tabia yake. Ya kwanza ni mifuko na asasi za hapa nchini zinazopokea fedha kutoka kwa wafadhili wakubwa na kuzigawa kwa asasi ndogo. Inayojulikana zaidi ni Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, ambayo imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa upande wa wanawake uko Mfuko wa Wanawake Tanzania. Ya pili ni balozi: Kanada ina mfuko wake wa miradi ya wenyeji ambao hutangaza nafasi mara kwa mara, na Japani ina mpango wa muda mrefu wa miradi ya ngazi ya chini ambao zaidi hujenga na kununua vifaa, yaani madarasa, zahanati, visima. Ya tatu ni mipango ya Umoja wa Mataifa, kama ule wa ruzuku ndogo za mazingira ulioanza mwaka 1992 na kusimamiwa na UNDP, ambao kikundi cha afya kinaweza kuufikia endapo kazi yake inagusa maji safi, taka au majiko yasiyo na moshi.

Msisahau walio karibu. Kampuni iliyochimba kokoto katani mwenu, benki yenye tawi mjini, msikiti, parokia, na wanakijiji waliohamia mijini au ng'ambo huweza kutoa kiasi kinachotosha mradi mdogo, na masharti yao huwa mepesi zaidi. Kwa wasomaji wa Kenya, Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, hufanya kazi inayofanana na hii.

Kikundi ambacho hakijasajiliwa kinaweza kuomba?

Kinaweza kuandika, lakini ni nadra sana kupewa, kwa sababu mfadhili hana mtu wa kufunga naye mkataba. Kikundi cha kijamii huandikishwa katika halmashauri kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, na safari huanzia kwa yule wa kata. Mtaulizwa katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye majina na saini za waliohudhuria, orodha ya viongozi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.

Kusajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali ni jambo jingine, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na shirika linaweza kuandikishwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Msikimbilie huko kwa sababu tu jina la shirika linasikika kubwa. Usajili huo huja na ripoti na ada za kila mwaka, na kwa kanuni za mwaka 2018, shirika linalopata fedha inayozidi shilingi milioni 20 hutakiwa kuwasilisha mkataba wake kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Kwa kikundi cha watu 20 kinachoomba milioni tatu, cheti cha halmashauri kinatosha kwa wafadhili wengi wa ruzuku ndogo, ila someni tangazo lao kwanza, kwani baadhi hutaka shirika kamili. Ikiwa ndivyo, shirika lililosajiliwa na lenye sifa njema wilayani linaweza kupokea fedha kwa niaba yenu, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Sisi ni kikoba. Tunaweza kuomba ruzuku ya afya?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu lake linahitaji uangalifu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa vinaandikishwa katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Kwa hiyo kikoba mbele ya sheria ni kikundi cha fedha. Fedha ya ruzuku ikiingia katika akaunti ya kikoba, ikachanganyika na hisa na mfuko wa jamii, hapatakuwa na mkaguzi atakayeweza kuitenganisha, na siku ya kugawana mwisho wa mzunguko kutatokea mwanachama atakayeuliza kwa nini fungu lile haligawanywi.

Hata hivyo kikoba ni mwanzo mzuri. Watu wake wanajuana, wanakutana kila wiki, wana daftari, na wamezoea kutozana faini ya kuchelewa. Njia iliyo salama ni wanachama wale wale, au baadhi yao, kuandikisha kikundi cha afya chenye katiba na akaunti tofauti, na ikiwezekana mweka hazina tofauti.

Fedha za Marekani zilizokuwa zikitufikia zimekoma. Tufanye nini?

Amri ya kusimamisha misaada ya nje ilitolewa Januari 20, 2025, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafunga shughuli zake. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU viliguswa mapema kuliko vingine, kwa sababu vingi havikuwa na mfadhili wa pili. Ushauri wetu ni mchungu kidogo: msitafute mfadhili mmoja wa kuziba pengo lote, hayupo. Kaeni kikao, orodhesheni kila kitu ambacho mradi ule ulikuwa ukilipia, kisha tenganisheni yale ambayo watu wangeumia yasipofanyika na yale yaliyofanyika kwa kuwa bajeti ilikuwepo. Kuwafuatilia walioacha dawa ni la kundi la kwanza. Semina ya siku mbili hotelini ni la pili. Ruzuku ndogo huweza kubeba lile la kwanza kwa sababu gharama yake ni nauli, muda wa maongezi na subira ya mtu mmoja au wawili.

Ni shughuli zipi hupata fedha kwa urahisi, na zipi hukataliwa?

Hupata zile ambazo kikundi kimeshaanza kuzifanya. Huu ndio ukweli ambao matangazo hayausemi wazi. Msomaji wa maombi akiona kwamba wazee 22 wanakutana kila Jumamosi nyuma ya zahanati, wananyoosha viungo nusu saa, wanapimana presha kwa mashine moja ya kuazima na kuandika namba katika daftari la shule, anajua kwamba fedha itakuta kazi inaendelea. Akiona kikundi kilichoundwa wiki mbili baada ya tangazo kutoka, chenye nia ya "kuelimisha jamii kuhusu afya kwa ujumla", hata kama Kiswahili chake ni kitamu, ataweka alama ndogo.

Hukataliwa mara nyingi: ununuzi wa pikipiki kwa ajili ya mwenyekiti, ujenzi wa ofisi, mishahara, madeni ya zamani, mbio za kisiasa za kila namna, na semina zisizo na kazi ya kufuata baada yake. Fulana na kofia hazikataliwi moja kwa moja, lakini zikichukua robo ya bajeti zinasema kitu kuhusu kikundi.

Je, tunaweza kulipia wanachama bima ya afya kwa fedha ya ruzuku?

Kwa kawaida hapana, kwa kuwa bima huisha baada ya mwaka na mfadhili hapendi kuacha watu katikati. Kinachokubalika ni gharama za kuwaelimisha watu kuhusu bima, kuwasaidia kuandikishwa, na kuanzisha mfuko wao wa kuchangia kidogo kidogo hadi ada itimie.

Andiko liwe na urefu gani, na liandikwe kwa lugha gani?

Fuateni fomu. Ikisema kurasa nne, kurasa tano ni kosa. Mifuko mingi ya hapa nchini hupokea Kiswahili, na balozi mara nyingi hutaka Kiingereza; katika hali hiyo andikeni kwanza kwa Kiswahili mkiwa wote, mkubaliane kila sentensi, ndipo mumpe mtu afasiri. Andiko lililotungwa moja kwa moja kwa Kiingereza na kijana mmoja mwenye kompyuta huwa linaahidi mambo ambayo wanachama hawajawahi kuyasikia, na mfadhili akija kuwatembelea, akamuuliza mama aliyeketi nyuma mradi unahusu nini, jibu halilingani na karatasi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na hakuna maelezo ya mwenyekiti yanayoweza kulirekebisha papo hapo.

Yaliyo ya lazima ni machache: tatizo ni lipi na linawapata nani, kwa idadi mliyoihesabu wenyewe, mtafanya nini, wapi, mwezi gani, na nani atafanya, mtajuaje kwamba limefanyika, na litagharimu kiasi gani. Takwimu za dunia nzima hazihitajiki. Sentensi kama "kati ya wanachama wetu 22, tisa walikuwa na presha iliyopanda tulipopima mwezi Machi, na wanne kati yao walikuwa wameacha dawa kwa sababu ya nauli" ina uzito kuliko ukurasa mzima wa maelezo kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika.

Bajeti huandikwaje?

Hapa ndipo maombi mengi mazuri huanguka, basi tukae kidogo.

Bajeti haianzi na jumla. Vikundi vingi husikia kwamba kiwango cha juu ni shilingi milioni tano, vikaandika milioni tano, kisha vikatafuta vitu vya kuzijaza. Msomaji huliona hilo mara moja, kwani namba zote zinaishia na sifuri nyingi. Anzeni na kazi, mhesabu kila inachohitaji, na jumla itakayotokea ndiyo mwombe, hata ikiwa ni 2,347,000.

Chukueni mfano wa wale wazee wa Jumamosi, wanaotaka kujipima presha na sukari kwa miezi tisa. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Mashine mbili za kupimia presha, kila moja 120,000, ni 240,000. Mashine moja ya kupimia sukari ni 60,000. Wengi huishia hapo, wakaridhika, na mradi hufa mwezi wa pili. Mashine ya sukari ni kitu cha bei nafuu. Vinavyomaliza fedha ni vijiti vyake vya kupimia, ambavyo wengi huviita stripu. Watu 22, kila mmoja mara moja kwa mwezi, kwa miezi tisa, ni vipimo 198. Pakiti ikiwa na vijiti 50, zinahitajika pakiti nne, na kwa 45,000 kila moja ni 180,000. Vijiti vya kampuni moja haviingii katika mashine ya kampuni nyingine, na vina tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa hiyo msinunue pakiti zote nne siku moja. Ongezeni vichomeo vya kutobolea kidole, pamba, kasha la taka zenye ncha kali, betri, na mkanda mpana wa mkononi kwa ajili ya wanachama wenye mikono minene, kwa kuwa mkanda ulio mdogo hutoa namba ya juu kuliko ilivyo na kuwatia watu hofu bure.

Kila mstari uwe na kipimo, idadi, bei na jumla. Kwa vitu vya bei kubwa ambatisheni ankara kifani kutoka maduka matatu, na zisiwe za maduka matatu yenye mwandiko mmoja. Wekeni gharama za benki, kwa sababu zitakatwa mpende msipende. Kiswahili cha bajeti kina neno "dharura". Litumieni kwa kiasi kidogo, na tu kama fomu inaliruhusu.

Je, posho zinaruhusiwa?

Nauli halisi, ndiyo. Chai na maandazi kwenye kikao kirefu, ndiyo. Posho ya kukaa kikao cha kikundi chako mwenyewe, hapana, na ombi lenye mistari sita ya posho huwa limejikataa lenyewe. Mwezeshaji kutoka nje, kama muuguzi anayekuja Jumamosi ambayo si zamu yake, anaweza kulipwa kwa kiwango kinachokubalika na mfadhili. Ulizeni kiwango hicho kabla ya kuahidi. Ikiwa mtaani kwenu kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtajeni katika andiko na mshirikiane naye. Mpango wa taifa wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwafikisha 137,294 katika miaka mitano, na kikundi kinachofanya kazi bega kwa bega na mhudumu wake hakionekani kama kinaanzisha huduma sambamba.

Mfadhili anataka mchango wetu, nasi hatuna fedha. Itakuwaje?

Mchango si lazima uwe fedha taslimu. Chumba mnachopewa bure na ofisi ya mtaa, saa za kujitolea, viti, jiko la mama mmoja linalotumika kwa darasa la mapishi, vyote vina thamani na vinaweza kuandikwa kwa shilingi. Hesabuni kwa uaminifu: kama kukodi ukumbi kama ule ni 20,000 kwa siku, andikeni 20,000.

Tunahitaji ruhusa ya Mganga Mkuu wa Wilaya?

Kwa mazoezi, mapishi ya lishe, vikao vya kusaidiana na mazungumzo ya afya ya akili baina ya wanachama wenyewe, kumjulisha Afisa Maendeleo ya Jamii na mganga mfawidhi wa zahanati kunatosha mara nyingi. Mkianza kuchoma vidole, kutoa majibu ya vipimo au kugusa dawa, mmeingia katika huduma ya tiba, na huko hamwezi kwenda peke yenu. Fanyeni kupitia kituo cha afya, mbele ya mtaalamu wake, na barua ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya iwe kwenye jalada. Kikundi hakigawi dawa, hata za kutuliza maumivu. Barua hiyo pia ni faida kwenu katika kuomba, kwa maana inaonyesha kwamba namba mtakazopata zitaingia mahali fulani na mgonjwa atakayeonekana ana mahali pa kupelekwa.

Fedha inaweza kuingia katika simu ya mweka hazina?

Hapana, hata kama mweka hazina ni mtu wa kuaminika kuliko wote. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu, na wawili kati yao watoshe kutoa fedha. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na watia saini wawili tu, na wote walihitajika. Mmoja akafariki wiki ya tatu ya mradi. Ilituchukua miezi minne ya mihtasari, barua na safari za benki mpaka fedha ikafunguka, na katika muda huo kina mama tuliowaahidi unga wa lishe walikuwa wakitupita njiani bila salamu. Tangu hapo, kila ninapoombwa ushauri, swali langu la kwanza huwa ni idadi ya watia saini.

Simu inafaa kwa malipo madogo ya nauli, mradi kiasi kimetolewa benki kama masurufu, yaani fedha ya matumizi madogo inayotolewa hesabu baadaye, kimeandikwa, na ujumbe wa kila muamala umehifadhiwa.

Muuza mboga sokoni hana mashine ya risiti. Tutathibitishaje matumizi?

Maduka yanayotakiwa kuwa na mashine ya EFD yawape risiti ya EFD, na mkiambiwa "bila risiti bei inapungua", ondokeni. Kwa muuza mboga, bodaboda au fundi wa mtaani, tumieni hati ya malipo: tarehe, kilichonunuliwa, idadi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina la aliyepokea, namba yake ya simu na saini au dole gumba. Risiti za mashine hufifia baada ya miezi michache, hasa zikikaa juani au karibu na jiko. Zipigeni picha au zitoeni nakala siku ile ile. Kila karatasi ipewe namba inayolingana na mstari wake katika daftari la fedha. Mtu asiyejua chochote kuhusu kikundi chenu aweze kuchukua daftari, akachagua mstari wowote, na kuiona karatasi yake ndani ya dakika moja.

Mfadhili anataka picha na orodha ya wanufaika. Tuwape majina ya wagonjwa?

Msiwape majina ya wagonjwa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa VVU ulinzi wa siri ya mgonjwa ulikwishawekwa na sheria ya mwaka 2008. Toeni idadi, jinsia na makundi ya umri. Orodha ya mahudhurio inayoonwa na kila anayetia saini isiwe na kichwa cha habari kinachotaja ugonjwa. "Kikao cha kikundi, Jumamosi" kinatosha. Kwa picha, ombeni ridhaa kwa maandishi na elezeni itakwenda wapi, ikiwamo mitandaoni, na mtu akisema hapana, asiulizwe sababu. Picha ya mikono ikikatakata mchicha inaeleza darasa la lishe bila kumtangaza mtu yeyote. Wafadhili wenye heshima hulielewa hili wakielezwa, na wengine hata huongeza imani.

Bei zimepanda, au shughuli imebadilika. Tuhamishe fedha kutoka fungu moja kwenda jingine?

Andikeni kwanza, hamisheni baadaye. Mikataba mingi huruhusu mabadiliko madogo ndani ya asilimia fulani bila kuomba, na asilimia hiyo imeandikwa katika mkataba wenu. Zaidi ya hapo, ujumbe wa mistari mitano unaoeleza sababu hupata jibu, mara nyingi jibu zuri. Anayejua mabadiliko kwa mara ya kwanza anaposoma ripoti ya mwisho ndiye hukasirika.

Kuna mtu anasema atatupatia ruzuku tukimpa asilimia 10 kwanza.

Msimpe. Ruzuku ya kweli haina ada ya kuomba wala ya kuharakisha. Mtu anaweza kulipwa kwa kazi ya kuwasaidia kuandika, kwa kiasi kilichokubaliwa wazi na kutoka mfuko wenu wenyewe, lakini fungu la ruzuku si lake. Akidai kuwa ametumwa na mfadhili au na ofisi ya umma, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Tumekataliwa. Tuombe tena?

Ndiyo, baada ya kuuliza kwa adabu ni wapi palipungua. Si wote watajibu. Wakijibu, someni jibu hilo kwenye kikao na si faraghani kati ya mwenyekiti na katibu, kwa sababu kasoro huwa iko mahali ambapo wanachama wanapajua na viongozi hawapaoni. Msibadilishe jina la mradi peke yake na kurudisha karatasi zile zile.

Mradi ukiisha, mashine na vifaa ni vya nani?

Ni vya kikundi, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo, na kamwe si vya aliyevihifadhi. Fungueni daftari la mali siku kifaa kinapoingia: jina lake, namba yake ya kiwandani, tarehe, bei, na mahali kinapokaa. Kiandikwe pia kwa kalamu isiyofutika, ubavuni, jina la kikundi na mwaka. Katiba iseme kikundi kikivunjika vifaa vitakwenda wapi. Zahanati ya kijiji huwa chaguo linalokubalika na wote. Kabati liwe na funguo mbili kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, na kila Jumamosi anayetoa mashine ya presha aandike jina lake anapoichukua, kisha aandike tena anapoirudisha.